Mkanda wa Tatu Ukatangulia

Usiku wa kuamkia jana niliota nagongewa mlango na maiki. Lakini ndoto hiyo ilianza kabla sijalala, kwa hiyo niseme kwanza nani aliniambia nini, na lini.

Aliyeniambia ni mwanangu Shija, juzi Jumatano jioni, tukichambua choroko barazani. Shija ni mtu mzima, ana miaka thelathini na nane. Hapa Malampaka anapiga video za harusi na kuzikata mwenyewe kwenye kompyuta. Akishamaliza harusi za watu, anakata sinema kwa mapenzi yake tu. Ana kundi kwenye simu, kuna mtu wa Tabora, kuna wa Tanga, kuna wa Songea, hawajawahi kuonana, wote wameipenda sinema moja ya zamani ya kizungu, ile ya mfalme wa Mlima wa Chumvi, yenye sehemu tatu. Kila mmoja anaikata upya jinsi anavyoona ingependeza, anaituma kundini, wenzake wanaipima. Shija akaniambia ya kwake iko karibu. Sehemu tatu amezifanya moja ya saa mbili na nusu, ataituma Jumamosi.

"Na safari hii nimeipanga sawasawa, mama," akasema. "Kila kitu mahali pake. Yule Doto nimemtoa."

Mkono wangu ukabaki ndani ya choroko.

Marehemu mume wangu, Luhende, alikuwa na banda la video nyuma ya kinu cha pamba. Deki moja, televisheni moja, jenereta nje, na yeye pembeni ameshika maiki anatafsiri. Kizungu alikijua kidogo, kilichobaki alikisoma kwenye nyuso za wale watu. Mimi nilikaa mlangoni nakaanga mihogo. Sinema ya Mlima wa Chumvi ilitufikia kwa mikanda mitatu, na aliyebandika namba alikosea. Mkanda wa tatu ukatangulia wa pili. Ndani yake yule mfalme, ambaye Luhende alikuwa amempa jina la Kulwa, anachomwa mkuki darajani na anakufa. Watu walilia kweli, wengine waliondoka bila kula mihogo. Kesho yake tukaweka mkanda uliobaki, na nani anatokea, amekaa anakula zabibu? Mfalme yuleyule, mzima, hana hata kovu.

Banda lote likageukia maiki. Luhende naye alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza, kama wao. Nilimsikia akikohoa kwenye maiki. Kisha akasema: "Huyu mnayemwona si Kulwa. Kulwa mmemzika jana. Huyu ni Doto, pacha wake, alipotea utotoni. Leo amerudi."

Watu walipanda juu ya mabenchi. Tangu siku hiyo tuliionyesha hivyohivyo miaka kumi na moja, hata baada ya kugundua kosa, na Luhende akairekodi sauti yake juu ya mikanda. Doto anashinda vita, anaoa, anasinzia kwenye kiti chake cha enzi, mwisho.

Sasa kwetu sisi Wasukuma mapacha ni Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija. Kulwa wangu yuko Meatu, anaendesha trekta. Doto wangu alichukuliwa na surua akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Shija alikuja baadaye, hakumwona, na katika nyumba hii hatukuwa watu wa kulitaja jina hilo, naye hakuwahi kuuliza. Luhende alilitaja kwenye maiki tu, na mimi mlangoni, mafuta yakilia, nilikuwa nasikiliza. Mwanangu alikuwa anakua mle ndani. Alikuwa na jeshi. Alioa.

Hayo sikumwambia Shija. Nilimaliza choroko nikaenda kulala nimenuna.

Maiki inayogonga ni ileile ya Luhende, imevaa soksi ya mtoto kichwani, maana alisema soksi inazuia pumzi isivume. Imesimama kwa waya wake.

"Moja mbili, moja mbili," inasema. "Mama Kulwa, unaitwa kwenye kikao."

Nauliza kikao cha nini.

"Moja mbili. Cha kukata."

Navaa ndala zangu za bluu, ile ya kulia kamba yake nimeishikiza kwa waya, najifunga khanga kiunoni, natoka. Uani amesimama Doto. Ana taji, ana joho la manyoya, upanga umemfika kifundoni. Anapiga magoti kwenye majivu ya jiko langu.

"Shikamoo mama," anasema, kwa sauti ya Luhende, hana nyingine. Sauti imekwisha lakini mdomo bado unaendelea kwenda, kama mtu anayetafuna. Nasubiri ufunge ndipo naitikia. Si adabu kuitikia mtu mdomo wake ukiwa wazi.

Namwambia amekonda.

"Nimepunguzwa," anasema. "Nilikuwa na dakika arobaini na nne. Sasa nina sita, na mbili kati ya hizo nimegeuka mgongo."

Tunatoka getini. Nje si mtaa wetu, ni mlima mweupe wa chumvi, na katikati ya mlima limekwama lori. Kwenye paji la lori pameandikwa HADITHI kwa rangi nyekundu. Watu wote wa sinema wako nyuma yake wanalisukuma kupanda: askari, wachawi, bibi harusi na shela lake, farasi wamegeuza matako. Lori halisogei hata kidole.

Kwenye jiwe amekaa karani. Uso wake hauna macho wala pua, una tarakimu tu zinazokimbia, saa, dakika, sekunde. Ana filimbi na daftari.

"Asiyesukuma hadithi mbele atoke," anasema, anapiga filimbi. Mpishi mmoja mnene aliyekuwa anaonja mchuzi anatolewa. Mama mmoja aliyekuwa analia tu, bila kusukuma, anatolewa. Msitu mzima unatolewa, miti inatoka kwa mstari mmoja mmoja, inakwenda kukaa kwenye benchi la pembeni na wenzao, imefumbata mikono. Mti mmoja unamwambia yule mpishi asogee kidogo.

Namwuliza karani mwanangu ana kosa gani. Karani anafungua daftari. Doto hasukumi, anasema.

Nageuka kumwangalia Doto. Kweli, ameweka bega kwenye lori, bega linapita kama moshi.

"Uso mmoja, bega moja," anasema karani. "Ndiyo kanuni. Huo uso ni wa yule pale." Ananionyesha gurudumu la kushoto. Kulwa wa kwenye sinema ameinama pale, ana uso uleule, anatoka jasho, mkuki bado umo kifuani na anasukuma nao. "Mwenye uso yupo kazini. Huyu wako hakuzaliwa. Alisemwa tu."

"Sina bega, mama," anasema Doto. Mdomo unaendelea, unaendelea, unafunga.

Basi nikavua hasira nikaiweka chini, maana kwa hasira huwa nasahau maneno. Nikamwambia karani siondoki hapa. Akasema mimi mwenyewe simo kwenye sinema, nishuke mlimani. Nikamwambia nimekaanga mihogo mlangoni miaka kumi na moja, na hakuna mtu aliyewahi kuitazama sinema hii hadi mwisho na njaa. Tarakimu zake zikasita kidogo.

"Peleka malalamiko kwa wajumbe," akasema.

Anaposema wajumbe, mlima unakuwa darasa. Ni darasa langu la tatu, dirisha lilelile lisilo na kioo, na dawati langu lina jina langu nililolichora kwa msumari. Naketi. Magoti hayaingii.

"Uliacha shule hapa," unasema ubao. "Ulitoroka."

"Sikutoroka. Niliitwa kuchunga."

"Ungerudi."

"Ng'ombe hawakuisha."

Wajumbe ni wale wa kundi la Shija. Vichwa vyao ni simu, na chaji ya kila mmoja inaonekana kwenye paji la uso. Tabora ana themanini na mbili. Songea ana arobaini, anacheka, lakini kicheko chake ni vile vinyuso vidogo vya njano, vinamdondoka mezani anavifagia kwa kiganja. Tanga anatia huruma.

"Shikamoo bibi," anasema Tanga polepole. "Nina kumi na moja tu. Fupisha."

Mezani kwa mwalimu amekaa Shija. Ana miaka thelathini na nane na pia ana miaka saba, vyote vinamkaa vizuri. Mkononi ameshika panya wa kompyuta, panya mwenyewe anapumua. Hanitazami. Anatazama kazi.

Karani anasimama mbele na chaki. Anasema shauri hili ni jepesi. Moja inafuatwa na mbili, mbili na tatu. Huyu bibi na marehemu mumewe walionyesha moja, tatu, mbili. Katika kosa hilo akazaliwa mtu asiyekuwepo. Kosa likirekebishwa, mtu anaondoka, na hakuna aliyeonewa. Wajumbe wanaitikia kwa mlio mmoja mmoja.

"Njoo uandike mpangilio ubaoni," ananiambia. "Ukiuandika sawa, utakuwa umekubali. Ukikosea, utakuwa umeshindwa."

Nilikwenda. Chaki ilikuwa nzito kama mtwangio. Sikuandika namba. Nikaandika majina, kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu: Kulwa. Doto. Shija.

Karani akachukua dasta akamfuta Doto.

"Haya," nikamwambia. "Sasa ita mahudhurio."

Karani hakuona ubaya. Akaita Kulwa, na huko nje mlimani mtu akaitikia. Akaita Shija. Kimya. Akaita tena. Shija yupo pale mezani, mita mbili, anamtazama, mdomo haujui kama ni yeye anayeitwa.

"Kwa nini haitikii?" anauliza karani.

"Aitikieje? Anamfuata nani?"

"Anamfuata Kulwa."

"Kulwa peke yake?"

"Peke yake."

"Anayefuata mtoto mmoja haitwi Shija. Shija anafuata wawili."

"Basi anaitwaje?"

"Mimi sijui. Ni wewe uliyefuta."

Tarakimu za karani zinasimama kabisa. Anapekua daftari mbele, anapekua nyuma. Tabora ananyoosha mkono, anasema ni kweli, hata kwao kwa Wanyamwezi ndivyo ilivyo, hilo jina halitolewi hivihivi. Songea anaacha kucheka. Na pale mezani mwanangu anaanza kupauka kama khanga ya jua. Kwanza nywele, kisha bega, kisha mkono ulioshika panya, panya akabaki ananing'inia hewani anashangaa.

"Mama," anasema Shija. "Mkono wangu umekwisha. Huyu Doto ni nani?"

Hapo ndipo nilipoona nimekaa na jina hilo muda mrefu kupita kiasi.

"Ni kaka yako," nikasema. "Alikutangulia. Ulipokuja, ulikuta kitanda chake bado kina joto. Mrudishe."

Shija hana mkono, lakini ni fundi. Aliinama akambonyeza panya kwa kidevu.

Jina likarudi ubaoni. Mkono ukarudi, kucha zikija za mwisho. Tukasikia kishindo mlimani, tukatoka nje wote, Tanga akishikwa kwapani na Tabora kwa sababu alikuwa amebaki na nne. Doto amesimama kando ya lori, anajigusa bega lake kwa mkono mwingine. Analigonga kwenye bodi ya lori, linatoa sauti. Analigonga tena, anacheka kwa kicheko cha Luhende.

"Bega amepata," akasema karani, amekazana, "lakini lori bado limekwama. Lazima lisukumwe mbele, na mbele ni juu."

Nikalizunguka lile lori taratibu. Nimeishi na watu wa magari. Gurudumu la kushoto la nyuma liliwekewa jiwe, na Kulwa alikuwa amelipiga teke likatoka zamani. Gurudumu la kulia lina jiwe la pili, kubwa, halijaguswa. Hapakuwa na mtu wa upande huo.

"Mmekuwa mnasukuma lori lenye jiwe," nikawaambia.

Askari wakatazamana. Farasi mmoja akasema yeye alijua, ila hakuulizwa.

Nikamwambia karani alivyonieleza Kulwa wangu wa trekta. Betri ikikufia mlimani, huhangaiki kwenda juu. Unatia gia ya nyuma, unaondoa mawe, unaliachia lishuke lenyewe, likikolea unaachia klachi, linashtuka.

"Kwenda nyuma si mpangilio," akasema.

"Likishawaka litakwenda unakotaka. Sasa hivi limelala."

Alitazama daftari. Alitazama jua la chumvi. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina hakika. Nikamwambia miaka kumi na moja halikuwahi kutuzimikia.

Kwenye usukani akakaa maiki na soksi yake. Nikawarudisha wote waliokuwa benchini: mpishi na sufuria, mama anayelia, msitu ukapanda kwa kubanana, matawi nje. Kulwa kushoto, Doto kulia. "Moja mbili," ikasema maiki, na Doto akaling'oa lile jiwe kwa mikono miwili, akalirusha.

Lori linashuka. Linashuka kinyumenyume na watu wote, linapita darajani, linapita vita, mikuki inachomoka vifuani na kurudi mikononi mwa wenyewe, linapita ndani ya ikulu kwa mlango wa mbele. Mimi niko ubavuni mwake nakimbia, miaka sabini na moja, nakimbia. Kwenye ngazi za ikulu ndala yangu ya kulia inachomoka. Siwezi kurudi kuichukua, Doto amenipa mkono kutoka juu ya bodi, mkono mzito, wa mtu mzima, na injini inakohoa. Inakohoa kikohozi cha Luhende, kilekile cha kwenye maiki kabla hajasema. Halafu inawaka.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshapanda kwenye pazia. Nikateremsha miguu nitafute ndala. Ya kushoto ipo. Ya kulia haipo. Nikainama chini ya kitanda, nikatazama nyuma ya mlango, nikatoa hata kapu la vitambaa. Nikatoka hivyohivyo, mguu mmoja umevaa na mmoja haujavaa.

Shija alikuwa sebuleni mbele ya kompyuta, na nguo za jana. Macho mekundu kama aliyekata vitunguu. Akaniambia hakulala. Akasema ameshindwa.

"Nimemtoa mara tisa, mama. Picha zinakaa, lakini sauti ya baba nikiiacha inamwita mtu ambaye hayupo. Na nikiifuta, baba naye anakwenda. Nimeirudisha tu. Moja, tatu, mbili, kama mlivyoonyesha nyinyi. Kundini watanicheka."

"Tabora hatacheka," nikasema.

"Wamjuaje Tabora?"

Nikamwambia amkumbushe na Tanga achaji simu kabla ya Jumamosi. Akanitazama vibaya, lakini alikuwa amechoka, hakuliandama. Akanivuta niketi, akasema ameona kitu kimoja cha ajabu. Sinema hii anaitazama tangu ana miaka tisa, watu wa kundi wameichambua chembe kwa chembe, hakuna aliyewahi kukisema. Akarudisha picha hadi Doto anaingia ikulu. Akasimamisha.

Ngazi za marumaru. Walinzi wameshika mikuki. Na kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, ndala ya bluu, kamba yake imeshikizwa kwa waya.

"Hawa wazungu walisahau kuondoa," akasema Shija. Akaikuza picha. Akaitazama kwa muda. Kisha akashusha macho taratibu mpaka sakafuni, kwenye miguu yangu, akayabakiza hapo.

Hakuniuliza habari ya ndala. Aliniuliza kingine.

"Mama, Doto ni nani?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia miezi kumi na sita ni mingi kuliko inavyosikika, kwamba alikuwa anapenda kushika sikio la mtu akitaka kulala, na kwamba soksi ya kwenye maiki ya baba yake ilikuwa ya nani. Shija alilia kidogo, akajifuta kwa khanga yangu, akasema tuitazame mwisho wake.

Akaiacha iende. Vita vikapita, harusi ikapita, yule mpishi mnene akaonja mchuzi kwa raha zake bila kusukuma chochote. Kabla wageni hawajamaliza kula, Shija alikuwa ameshainamia begani kwangu, amelala, mkono umeshika sikio langu. Nilimwacha. Mimi nilikuwa nimeshalala ya kutosha.

Wa mwisho kulala alikuwa Doto. Taji limemwendea upande, kichwa kimeegemea kiti cha enzi, macho yanafumba. "Mfalme Doto amelala," ikasema sauti ya Luhende. "Tokeni taratibu, mabenchi msivunje, mihogo ipo mlangoni." Sauti ikaisha. Mdomo wa mwanangu mle ndani ukaendelea kidogo, kama mtu anayetafuna, kisha ukatulia.